UZI: Maandishi na nembo zenye uwazi zinapoingia na boksi jeusi au kingo za kijivu kwenye programu nyingine

Mchoraji_Arua (mwanzisha uzi)

Habari za leo ndugu zangu. Jambo hili limeninyima usingizi wiki mbili nzima, ndiyo maana nimeona nilifungulie uzi. Nikipita kwenye magrupu ya wahariri wa Kampala, Jinja na Mbale naona swali ni lilelile kila mara, mbona maandishi yenye uwazi yanafika na boksi jeusi, na jibu ni maneno mawili: "tumia MOV". Jibu hilo si uongo, lakini ndilo lililonifikisha pabaya.

Mimi natengeneza grafiki za video hapa Arua: majina ya maharusi, nembo zinazozunguka, maandishi ya chini ya skrini. Natumia After Effects kwenye Windows. Mwenzangu yuko Kampala, yeye ndiye mhariri, na anatumia DaVinci Resolve. Tulipata kazi ya kwanjula (sherehe ya Waganda ya kutambulishana kwa familia) kule Masaka, bwana harusi mtu wa huku kwetu, bibi harusi Muganda. Familia ilitaka majina yao yatokee kwa herufi nyeupe zenye kivuli laini, na vumbi la dhahabu likipeperuka juu ya picha za mahema, za akina mama wenye magauni ya gomesi na akina baba wenye kanzu.

Kipande cha kwanza nilikitoa kwa MP4. Mwenzangu akapiga simu: "Kaka, mbona umenitumia boksi jeusi?" Kwangu majina yalikuwa yanaelea vizuri kabisa juu ya vile viraba kama vya ubao wa drafti vinavyoonyesha uwazi. Kwake yalikuwa yamekaa juu ya giza, na picha ya hema chini yake haionekani kabisa.

Sababu ni hii. Picha ya kawaida ya video hubeba chaneli tatu: nyekundu, kijani na buluu. Uwazi unakaa kwenye chaneli ya nne, tunaiita alfa. Haina rangi yoyote. Kazi yake ni kusema kila pikseli ionekane kwa kiasi gani. Katika biti 8, 0 ni kutoonekana kabisa na 255 ni kufunika kabisa, na katikati ndimo vinamoishi kivuli, moshi, shela ya bibi harusi na ukingo laini wa herufi. H.264, kodeki (namna ya kukandamiza video) iliyomo ndani ya karibu kila MP4 tunayotoa, hiyo chaneli ya nne haiibebi. Na programu haikulalamika. Iliitupa alfa, ikaweka nyeusi mahali pake, ikalia ule mlio wake wa kumaliza kazi, nami nikaenda kulala nikijua nimemaliza.

Mara ya pili nikafuata ushauri wa "tumia MOV". Nikatoa MOV yenye ProRes 422. Boksi jeusi tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba MOV ni mfuko tu. Kinachoamua ni kilichomo ndani ya mfuko, yaani kodeki. ProRes 422 haina nafasi ya alfa. ProRes 4444 inayo. Hiyo 4 ya mwisho ndiyo alfa yenyewe. Na hata ukichagua 4444, kwenye dirisha la kutolea la After Effects kuna mahali pa chaneli. Pakibaki "RGB", umepoteza kazi yako. Lazima pasome "RGB + Alpha", na kina cha rangi kisome "Millions of Colors+" au zaidi, chenye alama ya kujumlisha. Hiyo alama ndogo ndiyo chaneli ya nne.

Mara ya tatu uwazi ukafika. Tukashangilia, mwenzangu akamaliza video, ikaonyeshwa kwa familia kwa projekta. Dada wa bibi harusi akauliza mbele ya watu: "Mbona majina yana uchafu pembeni?" Alikuwa sahihi. Kila herufi ilikuwa na mstari mwembamba wa kijivu, kama mtu amezikata kwa mkasi kutoka kwenye gazeti.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kusema programu fulani ni mbovu.

Kuna namna mbili za kuhifadhi pikseli yenye uwazi nusu. Chukua pikseli moja ya ukingo wa herufi nyeupe. Kwa namna ya kwanza, unaandika rangi ilivyo, 255, halafu kando unaandika alfa 50%. After Effects inaiita "Straight". Mimi naiita alfa safi. Kwa namna ya pili, unazidisha rangi na alfa kwanza, ndipo unaandika, kwa hiyo inaandikwa 128. Hiyo ni "Premultiplied", alfa iliyozidishwa. Namna zote mbili ni halali. Balaa linaanza pale anayetoa anapoandika kwa namna moja na anayepokea anaposoma kwa nyingine.

Mimi nilitoa iliyozidishwa. Kompyuta ya Kampala ikaisoma kama safi, ikazidisha mara ya pili: 128 ikawa 64. Chini yake kulikuwa na hema jeupe, 255, ambalo nusu yake ni 128. Jumlisha 64 na 128 upate 192. Ilitakiwa itoke 255, nyeupe ikutane na nyeupe bila mshono. Ule mstari wa kijivu alioona yule dada ni 192.

Tiba yake haikuchukua hata dakika moja. Kwenye Resolve unabofya kulia juu ya kipande ukiwa kwenye ghala la vipande, unafungua "Clip Attributes", na hapo kuna "Alpha Mode": hakuna, safi, au iliyozidishwa. Mwenzangu akabadilisha, mstari ukatoweka. Wiki mbili zote zile!

Najua sijagusa simu, Premiere wala programu za bure. Karibuni tujazane.

---

Dada_Montaji_Jinja

Kaka Mchoraji, asante sana. Ule mstari wa kijivu nimeishi nao miaka miwili nikidhani ni fonti.

Swali langu: mbona mimi nikijaribu kwangu kabla ya kutuma naona kingo ni safi, lakini kwa mteja zinaonekana chafu? Ninajaribu juu ya mandharinyuma nyeusi.

---

Mchoraji_Arua

Dada yangu, umejijibu mwenyewe. Alfa iliyozidishwa ikisomwa vibaya juu ya nyeusi, ukingo unazidi kuwa mweusi kidogo tu, na jicho halishtuki. Juu ya nyeupe ndipo aibu inapotoka. Na kosa la upande wa pili linakwenda kinyume: alfa safi ikisomwa kama iliyozidishwa, juu ya nyeupe huoni kitu, lakini juu ya picha ya usiku ukingo unang'aa na kupata meno, kwa sababu pikseli iliyopaswa kuwa 128 inakuwa 255.

Kwa hiyo siku hizi nina mradi mmoja wa majaribio wenye tabaka mbili tu, nyeupe tupu na nyeusi tupu. Kila kipande kinachotoka naanza kukirudisha humo, nakiweka juu ya zote mbili, nakikuza hadi 400% nitazame herufi moja yenye mviringo. Herufi O au S inakwambia yote. Hapo ndipo natuma.

Kitu kingine: usihukumu kwa kicheza video cha kawaida. VLC haikuonyeshi uwazi. Na ukitoa alfa safi, ukiifungua humo herufi zinaweza kuonekana nene na zenye meno, rangi imevuka mipaka yake. Usiogope, ndivyo alfa safi inavyokaa bila chaneli yake ya nne.

---

Kijana_wa_Simu

Wakubwa shikamooni. Mimi sina kompyuta, nafanyia kila kitu kwenye simu. VJ mmoja wa huku Wandegeya anataka nembo yake izunguke kwenye kona ya filamu anazotafsiri. Nimetengeneza nembo kwenye programu moja ya simu, nikiipeleka kwenye nyingine inakuja na weusi. Nifanyeje?

---

Mhariri_Kabalagala

Weka background ya kijani tu kijana, halafu uondoe kijani kwenye programu ya pili. Mimi nafanya hivyo tangu zamani, hizo habari za alfa ni za kujitesa. Angalia tu kusiwe na mtu aliyevaa gomesi ya kijani kwenye video, atatoboka.

---

Mchoraji_Arua

Mhariri, nakuheshimu, na kijani kimetuokoa sote. Ila hapo kwenye gomesi naomba nirekebishe, kijana asije akapotea. Unapoondoa kijani unakiondoa kwenye tabaka la nembo peke yake. Mama mwenye gomesi ya kijani yuko tabaka la chini, haguswi. Atakayetoboka ni nembo yenyewe ikiwa ina kijani ndani yake, jani la ndizi kwa mfano. Hapo unatumia pinki kali au buluu kama mandharinyuma.

Sababu yangu ya kutokipenda kijani kwa kazi ya kulipwa ni nyingine. MP4 ya kawaida huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi inahifadhiwa moja tu kwa kila pikseli nne, mraba wa mbili kwa mbili. Sasa wewe unaiambia programu ikate ukingo kwa kufuata rangi, wakati rangi yenyewe imeandikwa kwa ufupi. Ndiyo maana kingo zinakuwa na meno. Na kivuli laini ndio hakiponi kabisa: nyeusi iliyochanganyika na kijani inabaki na ukungu wa kijani, au ukikazana kuisafisha kivuli chote kinakwenda.

Kijana wangu, fanya hivi. Kama nembo haihitaji kuzunguka kila wakati, itoe kama picha ya PNG. PNG inabeba alfa, na programu nyingi za simu zinaipokea vizuri. Mzunguko wenyewe unaweza kuufanyia ndani ya programu ya pili, kwa kuhuisha ile picha. Kama ni kitu cha mwanga tu, cheche, vumbi, miale, kiache juu ya nyeusi halafu uweke hali ya kuchanganya ya "Screen": nyeusi inajifuta yenyewe, mwanga unabaki. Lakini jua mipaka yake. Screen haiwezi kubeba kivuli, na mwanga mweupe juu ya hema jeupe hauonekani. Kama njia zote hizo hazifai, basi kijani, na utoe kwa ubora wa juu kabisa simu inaoruhusu.

Na tafadhali usihamishe kwa kujitumia kwenye WhatsApp kama video. Inaikandamiza upya. Itume kama dokumenti.

---

Kijana_wa_Simu

PNG imekubali! Nimeizungusha mle mle ndani. Asante sana mkubwa.

---

Fundi_Mitambo

Nimefanya kazi kwenye chumba cha matangazo ya televisheni miaka mingi, niongeze jambo moja ambalo vijana mmelisahau.

Kabla ya haya mafaili ya alfa, na hata leo studioni, uwazi unasafiri kwa njia mbili sambamba. Kebo moja inabeba picha yenye rangi, kebo ya pili inabeba picha ya kijivu inayosema wapi paonekane na wapi pasionekane. Ya kwanza tunaiita fili, ya pili kii. Mikisa, mashine ya kuchanganya picha, inazikutanisha.

Unaweza kufanya vivyo hivyo kwa mafaili. Programu yako haitoi alfa? Toa kipande mara mbili. Mara ya kwanza rangi, mara ya pili alfa yenyewe kama picha nyeupe na nyeusi. Vyote viwili vinaweza kuwa MP4 za kawaida. Kwenye Premiere weka rangi chini, ile ya kijivu juu yake, kisha tumia "Track Matte Key" kwa kufuata mwanga. Kivuli kinapona, moshi unapona, kwa sababu kijivu kinahifadhiwa kwa kila pikseli, hakifupishwi kama rangi alivyoeleza Mchoraji.

Tahadhari moja ambayo imewahi kunitoa jasho hewani. Video nyingi huandika nyeusi kama 16 badala ya 0, na nyeupe kama 235 badala ya 255. Kama programu ya pili haitafsiri hilo ipasavyo, nyeusi yako inasomwa 16 kati ya 255, karibu 6%. Hapo sehemu inayopaswa kuwa wazi kabisa inabaki na utando mwembamba sana juu ya picha nzima. Huuoni mpaka grafiki itoke hewani, ndipo mtazamaji anaona mwanga wa skrini umebadilika ghafla. Ukiona hivyo, ifinye nyeusi ya faili la kijivu hadi iguse 0.

---

Mchoraji_Arua

Mzee Fundi, shikamoo. Hilo la utando wa 6% nimelikuta mwezi uliopita, nikalaumu projekta. Sasa ndiyo naelewa.

---

Mzee_wa_Bombo

Mimi si mhariri, ni mwalimu mstaafu nasoma tu. Kwa nini inaitwa alfa?

---

Mchoraji_Arua

Shikamoo Mwalimu. Jina linatoka kwenye hesabu yenyewe. Alvy Ray Smith na Ed Catmull, walipokuwa New York Institute of Technology mwishoni mwa miaka ya 1970, walihitaji kuchanganya picha mbili kwa kiasi. Kanuni ya kuchanganya ilitumia herufi ya Kigiriki alfa: alfa mara picha ya kwanza, jumlisha (moja toa alfa) mara picha ya pili. Wakaamua ile alfa ihifadhiwe pamoja na picha kama chaneli yake. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wakaandika namna za kuunganisha picha kwa alfa iliyozidishwa, na ndiyo hesabu tunayotumia mpaka leo. Wote wanne walipewa tuzo ya kiufundi ya Academy, wale wanaotoa Oscar, mwaka 1996.

Kwa hiyo yale mahesabu yangu ya 64 na 128 na hema la Masaka ni kanuni yao ileile.

---

Sauti_Kanisa_Mbale

Sisi tunarusha ibada moja kwa moja kwa programu ya OBS. Nimepata nembo ya ProRes 4444 kutoka kwa mchoraji wetu, uwazi upo, lakini kompyuta yetu inakwama kila inapocheza. Kompyuta yenyewe ni ya mtumba, i5 ya zamani.

---

Mchoraji_Arua

Ndugu, ProRes 4444 imetengenezwa kwa ajili ya kuhariri, kwa matangazo ya moja kwa moja na kompyuta ndogo ni mzigo. Badilisha iwe WebM (mfuko mwingine wa video) yenye kodeki ya VP9, OBS inasoma uwazi wake. Kwa FFmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video kwa amri za kuandika:

`ffmpeg -i nembo.mov -c:v libvpx-vp9 -pix_fmt yuva420p nembo.webm`

Hiyo herufi a katika yuva ndiyo alfa. Ukiandika yuv420p bila a, umeitupa.

Kuna mtego ukitaka kurudi kutoka WebM kwenda MOV. FFmpeg ina kisomaji chake cha ndani cha VP9 ambacho hakisomi alfa. Usipokitaja kingine, utapata MOV nzuri isiyo na uwazi, na utazunguka siku nzima. Lazima utaje libvpx, kisomaji kingine cha VP9, kabla ya faili la kuingiza:

`ffmpeg -c:v libvpx-vp9 -i nembo.webm -c:v prores_ks -profile:v 4444 -pix_fmt yuva444p10le nembo.mov`

Na ukitaka kujua kama alfa imo kweli ndani ya MOV bila kufungua programu nzito:

`ffmpeg -i nembo.mov -vf alphaextract -frames:v 1 jaribio.png`

Inakupa picha moja ya kijivu, ya fremu ya kwanza. Ukiona umbo la nembo yako kwa nyeupe, alfa ipo. Ukiona nyeupe tupu, alfa haimo, au ipo kwa jina tu na kila kitu kimefunikwa. Ukiona nyeusi tupu, huenda nembo inaingia taratibu na bado haijatokea, basi ongeza `-ss 2` kabla ya `-i` uchukue fremu ya sekunde ya pili.

---

Sauti_Kanisa_Mbale

Imekubali, na kompyuta imetulia. Mungu akubariki ndugu yangu. Jumapili nembo iliingia na kutoka bila kukwama.

---

Dada_Montaji_Jinja

Kaka, nina mawili. La kwanza, mtu aliniambia PNG moja moja kwa kila fremu ndiyo njia salama kuliko zote. La pili, mafaili ni makubwa mno. Bando langu haliwezi.

---

Mchoraji_Arua

La kwanza: ni kweli, mimi mwenyewe kazi ngumu naitoa kwa PNG. PNG kwa kanuni yake ni alfa safi, kwa hiyo ukiipokea hubahatishi, soma safi. (EXR, aina nyingine ya faili la picha, ni kinyume chake, kwa desturi ni iliyozidishwa.) Faida nyingine kwetu huku: umeme ukikatika fremu ya 180, zile 179 zipo, unaendelea pale pale. MOV ikikatika katikati mara nyingi unaanza upya.

Lakini PNG haijui kasi ya fremu. Ni picha tu. After Effects isipobadilishwa huzichukua kwa fremu 30 kwa sekunde. Sisi tunahariri kwa 25. Kipande cha sekunde 10 ni picha 250. Zikisomwa kwa 30 kinakwisha baada ya sekunde 8 na theluthi moja. Jina la bibi harusi linaondoka kabla ngoma haijapiga, na unaanza kulaumu muziki. Badilisha kasi kwenye mipangilio ya kuingiza kabla hujaweka kitu kwenye taimlaini.

La pili ni la maana sana, kwa sababu watu wanakimbilia MP4 kwa ajili ya ukubwa. Hesabu: fremu moja ya 1920 kwa 1080 yenye chaneli nne bila kukandamizwa ni karibu MB 8.3. Kwa fremu 25 ni zaidi ya MB 200 kwa sekunde moja. ProRes 4444 inashusha hadi karibu MB 34 kwa sekunde kabla ya kuhesabu alfa, kwa hiyo sekunde 10 ni kama MB 340, ingawa grafiki yenye sehemu kubwa tupu huwa chini ya hapo. Bado ni nyingi.

Sasa, jina la bibi harusi linaingia kwa sekunde moja, linakaa limetulia sekunde sita, linatoka kwa sekunde moja. Kwa nini nitume sekunde nane? Natuma kuingia kama kipande kimoja, kutoka kama kipande cha pili, na kwa kukaa natuma PNG moja tu. Mhariri anaivuta hiyo PNG kadiri anavyotaka. Na hilo linampa uhuru: hotuba ya mzee ikirefuka, jina linakaa nayo. Vumbi la dhahabu naliweka peke yake, juu ya nyeusi, MP4 ndogo, analiwekea Screen. Halina kivuli, kwa hiyo halipotezi kitu, ila likae mahali penye giza kidogo, lisilalie kwenye hema jeupe. Kazi iliyokuwa inakula karibu GB 3 sasa naituma kwa chini ya MB 200.

Isipowezekana kupunguza, natia kwenye flashi na kuipeleka stendi. Basi la usiku linavuka Karuma, asubuhi mwenzangu anaipokea Kampala. Nina dereva ninayemwamini.

---

Mhariri_Kabalagala

Nimesoma tena yote. Hiyo ya kutuma PNG ya katikati ni akili. Nakubali kuhusu kivuli, nimejaribu jana kwa kijani na kwa 4444, nikaziweka sambamba juu ya ukuta mweupe. Ya kijani ina ukungu, huwezi kubisha.

Ila kwenye Premiere sioni "Clip Attributes".

---

Mchoraji_Arua

Kwenye Premiere bofya kulia juu ya kipande, "Modify", kisha "Interpret Footage". Chini kuna sehemu ya alfa yenye vya kuweka tiki: kupuuza, kugeuza, na iliyozidishwa. Kama kipande kimetolewa kwa alfa safi, hakikisha iliyozidishwa haina tiki. Kwenye After Effects jina ni lilelile la "Interpret Footage", na kuna kitufe cha "Guess" kinachokisia. Mimi sikitumii kwa kazi ya mteja. Namuuliza aliyetoa.

Na ndiyo maana sasa kila faili langu linabeba jibu kwenye jina lake: `jina_bibi_1080_25_SAFI.mov`. Ukubwa, kasi ya fremu, aina ya alfa. Mhariri akilipokea saa nane usiku hanipigii simu.

Kwa wenye Resolve: ukitaka kutoa uwazi kutoka humo kwenda kwingine, kwenye ukurasa wa kutolea chagua kodeki inayobeba alfa, kama DNxHR 444 au CineForm ya RGB, kisha uweke tiki kwenye "Export Alpha". Bila hiyo tiki unarudi kwenye boksi jeusi. Na wenye Blender, programu ya 3D: washa "Transparent" kwenye sehemu ya "Film", halafu rangi iwe RGBA, si RGB. Watu husahau la pili.

---

Dada_Montaji_Jinja

Nimerudi na matokeo. Harusi ya Jumamosi, ufukweni mwa Nile, mahema yote meupe, mchana kweupe. Nimetoa majina kwa alfa safi, nimejaribu kwenye nyeupe na nyeusi, nimekuza herufi S hadi 400%. Kingo safi, kivuli kimekaa chini ya jina kama kilivyochorwa.

Kaka, yule dada wa Masaka mlimrudishia video?

---

Mchoraji_Arua

Tulimrudishia. Mwenzangu alitoa upya video nzima, dakika 94, hatukuwadai kitu. Dada alisimamisha kwenye jina la ndugu yake, akasogea karibu na televisheni, akalitazama muda mrefu, halafu akamwita mama yake aje aone.

Leo jioni naongeza hapa sampuli mbili za herufi O, safi na iliyozidishwa, kila mtu ajaribu kwenye programu yake. Nikichelewa, jueni umeme umekatika Arua.